Joto la asidi na besi: kwa nini umepata 46 badala ya 57

Ndugu mwanafunzi wa hapa Arusha, umeuliza kwa nini ulipochanganya sentimita za ujazo 50 za asidi ya hidrokloriki na 50 za hidroksidi ya sodiamu, zote zikiwa na moli 1 kwa lita, ulipata kilojuli 46 kwa moli ilhali vitabu vinataja takriban 57. Hesabu yako haina kosa: gramu 100 za mchanganyiko zikipanda nyuzi 5.5, kwa juli 4.18 kwa kila gramu na kila nyuzi, hutoa juli 2,299, na ukigawa kwa moli 0.05 unafika palepale. Tatizo ni kwamba kipimajoto kilipaswa kupanda karibu nyuzi 6.8, na joto lililokosekana limechukuliwa na bika la kioo pamoja na hewa.

Tumia kikombe cha povu la plastiki chenye mfuniko, ukisimamishe ndani ya bika ili kisipinduke, na uhakikishe kwamba miyeyusho yote miwili ina jotoridi moja kabla ya kuichanganya. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, usiridhike na kipimo cha juu kabisa ulichokiona. Soma kila baada ya sekunde 30 kwa dakika kadhaa, uchore grafu, halafu urefushe mstari wa kupoa kurudi nyuma hadi wakati wa kuchanganya, upate jotoridi ambalo lingefikiwa kama joto lisingepotea.

Ukitaka kuhakiki kipimajoto kwa maji yanayochemka, usitarajie 100, kwani katika mwinuko wetu wa takriban mita 1,400 maji huchemka karibu nyuzi 95.