Wakitundika Kibao cha Ujenzi Mtaani Kwenu, Msianze kwa Kelele

Juzi dada mmoja wa Mikindani, hapa Mombasa, ameniandikia. Kiwanja kilichopakana na nyumba yao kimetundikwa tangazo la maombi ya ujenzi, jumba la ghorofa 6. "Magari yao wataegesha wapi, na sisi tutapitia wapi?" Swali hili naulizwa mno siku hizi, kwa hivyo nalijibu hapa, asome kila aliye na kiwanja kitupu ubavuni mwake.

Sisi wa Tudor tuliyapitia hayo hayo, na tukashinda. Nalisema kwa kujivunia, maana kuna wakubwa waliotuambia usoni kuwa tunapoteza wakati.

Jumba lililoombwa kwetu lilikuwa la ghorofa 7, kwenye ploti iliyokuwa na nyumba moja ya chini na mwembe. Kwenye ramani, nafasi za magari zilikuwa 6. Na njia yetu, ukiipima ukuta hadi ukuta, haifiki mita 7. Ijumaa, magari ya wanaokuja kuswali yakishajipanga upande mmoja, gari la maji huingia kinyumenyume, dereva amekunja vioo vyote viwili, utingo anatembea nyuma akipiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, simama! Mifereji ikikauka, na Mombasa sote twajua inavyokauka, gari hilo ndilo tegemeo letu. Je, ingekuwa zimamoto?

Kikao cha kwanza barazani kilijaa hasira. Kila mmoja alisema hatutaki maghorofa. Mimi niliipinga kauli hiyo na naipinga hadi leo. Kisiwa hiki hakiongezeki, huku Kilindini, huku mkono wa bahari wa Tudor. Vijana wetu wanaoa, wanahamia Utange na Mtwapa, kisha kila asubuhi wanasota kwenye foleni ya daraja la Nyali kuja kazini. Nyumba zinahitajika. La kuuliza ni ngapi zinatosha kwenye ploti ile na njia ile.

Basi tukaandika. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kujenga aujulishe umma na aalike pingamizi. Kwa hivyo kibao kile kimewekwa kwa ajili yenu, kisomeni mpaka mstari wa mwisho, hasa tarehe. Tulipima njia kwa tepu ya fundi, tukapiga picha Ijumaa mchana na tena usiku baada ya isha, magari yakiwa yamerudi nyumbani. Barua tukaipeleka ofisi ya mipango ya kaunti, tukabaki na nakala iliyopigwa muhuri. Msiondoke bila muhuri!

Mchoraji wa mwenye kiwanja alijitetea kuwa wapangaji wa chumba kimoja hawana magari. Kwa wapangaji wa kawaida ana haki, wengi wetu ni watu wa matatu na tuktuk. Lakini vyumba vile vilikuwa vya kukodishwa kwa usiku, na Desemba wageni wa bara hushuka na magari yao. Tukauliza pia kuhusu shimo la maji taka. Chini yetu ni mawe ya matumbawe, yanapitisha maji, na visima vyetu viko hapo hapo. Gari la kunyonya uchafu nalo lataka njia ya kupita.

Ofisa mmoja alitujibu kuwa watu wa baraza tuna wivu wa maendeleo. Neno hilo bado linaniuma. Hakuna aliyekuwa na wivu pale. Palikuwa na wazee wanaotaka ambulensi iwafikie mlangoni.

Hatimaye kilichoidhinishwa ni ghorofa 4, na sehemu yote ya chini ni ya kuegesha. Ofisi ingekataa pingamizi letu, tungekata rufaa kwa kamati ya rufaa za mipango ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Nawasihi ndugu zangu, pimeni, pigeni picha, andikeni. Malalamiko ya barazani hayaingii kwenye faili. Jirani akisema yeye hana gari, mwambieni ana mgonjwa, ana maji ya kuletewa, ana jeneza litakalotoka siku moja. Wala msingoje msingi uchimbwe, kwani mtu akishamwaga zege anapigania pesa zake.

Na mwenye kiwanja akikubali kukaa nanyi, kaeni naye. Wa kwetu alikuja mwenyewe baada ya kuziona zile picha za usiku, akanywa kahawa nasi, na kuhamisha lango la magari likaangalia barabara kubwa lilikuwa wazo lake.