Mbona watu hawamo kwenye picha zako?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umefungua lile sanduku langu la slaidi, ukazitazama moja moja dirishani, na swali likakukaa rohoni: miaka yote ile mama alizunguka dunia peke yake, akarudi na mahekalu, milima, milango na mapaa, mbona watu hawamo? Na kwa kuwa mwezi ujao nawe unaondoka peke yako, kamera shingoni, unataka jibu kabla hujafunga begi.

Yalianzia Varanasi, India, Januari 1991. Kule kwenye ngazi za Manikarnika, ukingoni mwa mto Ganges, Wahindu huchoma maiti zao mchana na usiku. Nilishaonywa kwamba pale hapapigwi picha. Nikajiona mjanja. Nikakodi mashua alfajiri, nikafunga lenzi ndefu ya milimita 200, nikajiambia kwamba mtu aliye majini hayupo pale. Kijana mmoja aliyenyolewa kichwa, amejifunga shuka nyeupe, alikuwa akizunguka kuni na moto mkononi. Desturi yao mtoto wa kiume ndiye amwashiaye mzazi wake. Nikapiga. Akainua macho, na lenzi ikanisogezea uso wake karibu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Hakupiga kelele. Mwenye mashua ndiye aliyeacha kupiga kasia. Akageuza, akanirudisha nilikotoka, na pesa yangu akaikataa.

Tangu siku hiyo nikawa napiga mawe. Mawe hayainui macho. Nilijiambia kwamba ni heshima, na kwa muda mrefu niliamini hivyo, lakini ulikuwa woga tu. Nimelala kwenye nyumba za watu wasionijua, nimekula nao sahani moja, na leo sina sura zao. Mwanamke aliyenichemshia majani ya koka siku mbili mfululizo nilipougua kule Cusco, Peru (mita 3,400 juu ya usawa wa bahari si mchezo, ukifika pumzika kwanza, usijifanye shujaa), nimebaki na picha ya mlango wake. Mlango mzuri, wa buluu. Nani anataka mlango?

Kwa hiyo katika hili usimfuate mama yako. Piga watu, ila waombe. Hujui lugha? Inua kamera kidogo, mwonyeshe, nyanyua nyusi, subiri. Anaelewa. Akikataa, shusha kamera na utabasamu vilevile kama angekubali. Bulgaria lakini uangalie, kule kutikisa kichwa ni kukubali.

Utaambiwa kwamba ukiomba unaiua picha, mtu anakauka kama wa pasipoti. Ni kweli, ya kwanza hufa. Ipige hiyo hiyo, mwonyeshe kwenye skrini, kaa chini, mzungumze. Ya sita au ya saba ndiyo utakayorudi nayo. Lakini hilo linataka muda, na hapa ndipo orodha yako inaponitia wasiwasi. Nchi 14 kwa miezi sita! Utakuwa unapiga picha za vituo vya mabasi. Siku ya kwanza wewe ni mgeni mwenye kamera. Siku ya nne muuza chai anakuuliza mbona jana hukupita. Faida ya kusafiri bila kundi ni hiyo, hakuna wa kukupigia filimbi urudi kwenye gari. Usijipigie mwenyewe.

Kisha uandike jina. Yule msichana mwenye macho ya kijani aliyetokea kwenye jalada la jarida la National Geographic la Juni 1985 alipigwa picha mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi wa Afghanistan huko Pakistan. Sura yake ilizunguka dunia, jina hakuna aliyekuwa nalo. Walipomtafuta na kumpata mwaka 2002 ndipo tukajua anaitwa Sharbat Gula, na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona picha ile. Daftari dogo tu, mwanangu, na kalamu isiyovuja.

Watu wasipoombwa, huchoka. Kyoto, Japani, katika mtaa wa Gion, wageni waliwaandama geiko (ndio geisha wa kule) na maiko, wanagenzi wao, vichochoroni hadi wakazi wakabandika mabango mwaka 2019: atakayepiga picha kwenye njia za binafsi, faini yen 10,000.

Majengo ninayajua, kwa hiyo nisikilize kidogo. Angkor Wat, lile hekalu la Kambodia, inatazama magharibi. Kila alfajiri umati unajipanga kando ya bwawa kungoja jua lichomoze nyuma ya minara, na wote wanaondoka na kivuli kile kile cheusi. Nenda alasiri, jua likiipiga usoni, uone mawe yanavyoiva rangi. Tiketi huuzwa ya siku moja, tatu au saba. Chukua hata ya tatu.

Mengine unayajua kuliko mimi. Betri za akiba ziwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, si kwenye mizigo ya chini. Kwenye baridi kali ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Picha zinakili kila usiku, na nakala isilale begi moja na kamera. Mjulishe mtu mmoja unalala wapi. Huyo mtu ni mimi.

Ile ya Varanasi haimo kwenye hizo ulizozipanga dirishani. Sikuitupa, na sijamwonyesha mtu. Imo ndani ya bahasha ya kaki, chini kabisa ya sanduku, nimeifunga kwa uzi. Ukitaka kuifungua, niulize kwanza.

Mama yako