Muulize Mpimaji: Waenda kwa miguu na baiskeli, njia moja inatosha?

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza vitambaa Ngamiani, Tanga. Wafanyabiashara wa mtaani kwetu tunataka kuomba tujengewe njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, itoke soko la Mgandini, ivuke reli mpaka upande wa bandari. Kijana mmoja wa kamati amechora njia ya mita mbili na nusu, katikati kaweka mstari wa rangi. Wengine wanasema bodaboda wataivamia tu. Tuupeleke mchoro kama ulivyo?
Mama Vitambaa, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo kijana mpeni hongera, maana wengi wetu tunalalamika bila kushika penseli. Ila mchoro huo msiupeleke.

Chukueni futikamba, nendeni sokoni asubuhi watu wakiwa wamejaa. Mpimeni muuza mkaa akiwa juu ya baiskeli yake, magunia yametokeza huku na huku: anapita mita moja. Pimeni na guta, ile baiskeli ya mizigo ya matairi matatu. Halafu mtazameni mama aliyemshika mtoto mkono mmoja, kikapu mkono wa pili. Baiskeli mbili za mizigo zikipishana, mita zenu mbili na nusu zimekwisha, na yule mama hajapata pa kukanyaga. Atashuka barabarani kwenye magari, ndiko mlikokuwa mnamtoa.

Wataalamu wa barabara huanzia mita 3 kwa njia ya kuchanganya, na hapo ni mahali penye watu wachache. Sokoni hata mita 4 zitawagombanisha. Mtu anatembea kama kilomita 5 kwa saa, baiskeli inakwenda 15, na anayetembea sokoni hanyooki: anasimama, anageuka, anaitwa na muuza nyanya.

Ombeni njia mbili zenye vimo tofauti. Ya miguu iwe juu, yenye ukingo, upana usiopungua mita 2 zilizo wazi kabisa. Nikisema wazi, nguzo ya umeme isihesabiwe ndani yake, wala meza ya mihogo. Ya baiskeli iwe chini yake kidogo, mita 2, kila upande wa barabara na mwelekeo wake. Asiyeona atautambua ukingo kwa fimbo yake. Mstari wa rangi hautambui, na baada ya masika mbili hata ninyi wenye macho hamtauona.

Nafasi itatoka wapi? Kwenye maegesho. Safu moja ya magari yaliyoegeshwa kufuata barabara inakula mita 2 na zaidi. Ondoeni safu ya upande mmoja, njia ya baiskeli mmeipata. Najua wenzako watapiga kelele kwamba wateja wanakuja na magari. Kaa mlangoni kwako Jumamosi moja uhesabu walionunua kitambaa wamefikaje, kisha ukawasomee hesabu hiyo kikaoni. Na ile mitaa myembamba ya Ngamiani msiilazimishe. Huko wekeni matuta, magari yasizidi kilomita 30 kwa saa, baiskeli zipite humo humo barabarani.

Sasa bodaboda. Wasiwasi wenu una msingi. Dar es Salaam, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kubeba abiria mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni ulijengewa pia njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro. Pita Manzese jioni: bodaboda wanasubiri abiria, machinga wametandika viatu, mwenye baiskeli yuko barabara kubwa na malori. Mimi siwalaumu machinga peke yao. Wateja wanashukia pale pale, na mchoraji hakuwawekea pa kukaa. Ninyi wawekeeni ukanda wa mita moja na nusu kwenye mstari wa miti na taa, na kituo cha bodaboda kila kona yenye abiria. Kwenye maingilio simikeni nguzo fupi zilizoachana mita moja na nusu: guta na kiti cha magurudumu vinapita, gari halipiti. Pikipiki itapita, msidanganyane. Itapungua kama dereva ana kituo karibu na abiria wake.

Relini, njia ikate reli kwa pembe mraba. Ikipita mshazari, tairi jembamba linaingia kwenye mfereji wa reli na mtu anakwenda chini na mzigo wake. Mifuniko ya mitaro nayo iwe ya zege, kwa kuwa ya chuma itaishia kwa wanunua vyuma chakavu, na matundu ya mifuniko hiyo yakingame, yasifuate mwendo wa gurudumu. Pandeni miarobaini. Bila kivuli, saa saba mchana njia yenu itakuwa ya mbuzi.

Ombi lianzie mkutano wa mtaa, lipite kamati ya maendeleo ya kata, diwani alipeleke halmashauri. Mitaa ya mjini ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na relini ombeni ruhusa ya Shirika la Reli mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Mkifika Mei mmechelewa.

SWALI: Mzee, nikipiga kengele watu wananitukana. Nifanyeje?
Mwendesha baiskeli, Morogoro

JIBU: Unaipigia mgongoni mwao. Ipige ukiwa bado mbali, hatua kumi na tano hivi, tena mara moja tu. Ukiipiga sikioni mtu anaruka, na mara nyingi anarukia upande wako. Pakibana, shuka usukume.