Rada ya Mwanza inamsaidia nini mvuvi wa dagaa?

Mkuu, umeuliza rada ya hali ya hewa ina faida gani ikiwa utabiri ulisema mvua na siku ikapita kavu. Nina mitumbwi ya dagaa hapa Mwanza, na jambo hili linanigusa kila giza la mwezi likiingia.

Utabiri wa kesho na keshokutwa hutoka hasa kwenye hesabu za kompyuta. Rada huona kilichopo angani sasa hivi, na nguvu yake ni saa moja mpaka tatu zijazo. Kwetu Ziwa Victoria, muda huo mfupi ndio wenye maana. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, ukikutana huko hewa inapanda na mawingu ya radi yanajijenga, mara nyingi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Na ndio muda taa za dagaa zinawaka!

Rada za zamani zilionyesha mvua iko wapi na ni kubwa kiasi gani, basi. Ya Doppler hupima pia kama matone yanaisogelea au yanaikimbia, hivyo upepo unajulikana. Hii ya Mwanza, ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, inarusha mawimbi ya mlalo na ya wima kwa pamoja. Tone kubwa likianguka hubonyea na kuwa pana, ila jiwe la mvua hubiringika ovyo. Ukilinganisha mawimbi hayo mawili unatenganisha mvua, mawe, hata makundi ya wadudu.

Wadudu hao nao wana kazi. Upepo unaotangulia mvua huwakusanya, ukaonekana kwenye skrini kama mstari mwembamba. Upepo huo ndio unaopindua mitumbwi kabla hata tone halijaanguka. Kwangu mimi, kuuona mstari ule mapema kunazidi kujua milimita za mvua.

Ina mipaka, lakini. Dunia ni mviringo: mwale ulioinuliwa nusu digrii, kilomita 100 mbele uko juu kama mita 1,500, na kilomita 200 unapita kilomita 4. Wingu changa la mbali linaweza kukaa chini yake lisionekane.

Kwa hiyo muulize mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni) ya mwaloni kwenu, pale mnaposhushia samaki, tahadhari inamfikia kwa njia gani, na usiku nani anaipokea. Sisi tunaacha mtu nchi kavu mwenye simu iliyochajiwa. Akipiga, nahodha anapandisha nyavu na kurudi bila kubishana.