Mleta uzi, achana na fomu, mbebe shemeji yako kwanza

Mkuu, salamu baadaye. Uzi wako nimeusoma mara mbili nikiwa kwenye daladala ya Buhongwa hapa Mwanza mpaka nikapitiliza kituo. Unauliza kama halmashauri inatoa unga na maji kwa kaya zilizopatwa na kipindupindu, kama ile fomu ya elfu kumi na tano anayopitisha mjumbe wenu ni halali, na kibanda cha mkeo alichokifunga bwana afya kitafunguliwa lini. Halafu huko chini kabisa, kama mtu anayeaga, unatuambia shemeji yako anaharisha na kutapika tangu saa nane usiku, mmempa Flagyl, na hamjampeleka popote kwa sababu mnataka kwanza kujua kama kuripoti kutawaharibia kwenye orodha ya msaada.

Huo mstari wa mwisho ndio uzi wenyewe. Hayo mengine ni mapambo.

Naandika kwa hasira, mtanisamehe. Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka 2015, hapo hapo Mabatini, na mpaka leo kuna mama mmoja tukikutana pale sokoni Mlango Mmoja anavuka barabara.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kipindupindu kilianzia Dar mwezi Agosti, sisi huku tukawacheka, eti wanakunywa maji ya mitaro. Kilipotufikia tukaacha kucheka. Nilikuwa na banda la chipsi karibu na Mto Mirongo. Mnaoujua mto ule mnajua mvua ikinyesha nini kinateremka kutoka kule juu kwenye mawe, maana kuna watu wanasubiri mvua kama wakulima, tofauti ni kwamba wao wanafungulia vyoo. Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Ukerewe kunisaidia kumenya viazi. Jioni moja akaniambia tumbo linavuruga. Saa nne usiku alikuwa ameshaenda chooni mara saba. Mara ya nane hakufika.

Kilichotoka hakikuwa na rangi ya kinyesi. Kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele, na mimi mchele naujua, nilikuwa nauuza pia. Hapo mtu mwenye akili angeita bajaji. Mimi nikaita mjumbe.

Mjumbe wetu wa shina, mzee wa kofia, akanivuta pembeni akanong'ona kama ananiuzia bangi. Eti nikiripoti, watu wa jiji watakuja na gari, watamchukua dogo kwenye kambi ya kipindupindu, huko hakuna anayetoka mzima, akifa wanazika wao na sisi hatupewi hata shuka. Nyumba itapigwa kufuli, banda litavunjwa. Akaongeza kuwa kuna "msaada wa waathirika" unakuja kutoka halmashauri, lakini wanaangalia kaya "safi", zenye mgonjwa kambini hazipewi. Sikilizeni upuuzi huo: msaada wa waathirika ambao hapewi aliyeathirika. Na mimi, mtu niliyemaliza kidato cha nne, nikatikisa kichwa nikasema ahsante mzee. Nikatoa elfu kumi ya fomu. Fomu yenyewe ilikuwa fotokopi ya fotokopi, muhuri umefifia kama wa shule iliyofungwa.

Halafu akaniletea "dokta" wake, mwenye duka la dawa. Hawa watu wa duka hawaruhusiwi kutundika dripu nyumbani kwa mtu, lakini saa tano ya usiku, ndugu yako macho yameingia ndani kama ya samaki wa juzi, hukumbuki sheria. Akatundika chupa kwenye msumari wa kalenda. Chupa mbili, kila moja nusu lita, elfu ishirini na tano moja. Sindano na vidonge elfu kumi na nane. Nauli ya dokta elfu kumi, na duka lake lilikuwa hatua mia mbili. Jumla elfu sabini na nane bila risiti, na dogo anazidi kunyauka.

Sasa sikiliza nilichokuja kuelezwa na nesi kambini kesho yake, huku akinitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Zile chupa zilikuwa dripu za sukari. Mgonjwa wa kipindupindu anapoteza maji pamoja na chumvi, dripu ya sukari peke yake hairudishi hizo chumvi. Anatakiwa Ringa, dripu yenye chumvi hizo, na si kwa kijiko: mtu mzima aliyekauka hupewa mililita mia moja kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa tatu, karibu theluthi yake ikikimbizwa nusu saa ya kwanza. Dogo alikuwa na kilo sitini. Piga hesabu. Lita sita kwa saa tatu. Sisi tulimpa lita moja kuanzia saa tano mpaka alfajiri, ya dripu isiyo yake, halafu tukashangaa kwa nini sauti imepotea na miguu inakakamaa.

Alfajiri mama alipiga simu kutoka Ukerewe. Nikampa dogo simu, akajaribu kuongea ikatoka hewa. Mama akasema neno moja tu la Kisukuma, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, akanyamaza. Ndipo nikaita bajaji.

Kambi ilikuwa mahema. Getini unakanyaga maji ya klorini, unanawa, ndipo unaingia. Kitanda ni cha turubai lililotobolewa katikati, ndoo chini ya tundu, na ile ndoo imechorwa mistari kwa peni ya rangi ili wajue ametoa lita ngapi na warudishe ngapi. Nesi alimfinya dogo ngozi ya tumbo akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama mkunjo wa shuka. Wakamchoma mikono yote miwili, dripu mbili zikakimbia kama bomba. Saa nne asubuhi akafumbua macho akauliza kama viazi vimemenywa.

Gharama ya kambi: sifuri. Narudia kwa wanaosoma harakaharaka, SIFURI. Dripu, dawa, kitanda, uji wa jioni, bure. Nilitoa hela ya bajaji tu, na ile ya kuiosha, maana dereva alinitoza elfu tano ya "kufanya usafi" na sikuwa na cha kubisha.

Lakini kosa kubwa si hizo elfu sabini na nane. Kosa kubwa ni ule usiku mmoja. Nyumba yetu ilikuwa ya wapangaji, vyumba sita, choo kimoja, pipa moja la maji ambalo kila mtu anachota na kikombe chake. Kwa kuwa sikuripoti, hakuna aliyekuja kupulizia choo, hakuna aliyegawa vidonge vya kutibu maji, hakuna aliyewaambia majirani wachemshe. Kipindupindu kinaweza kujitokeza ndani ya saa chache au mpaka siku tano baada ya kuambukizwa. Kufikia siku ya nne, watu wanne wa nyumba yetu walikuwa kambini, mmojawapo mtoto wa miaka miwili wa chumba cha tatu. Alipona, ashukuriwe Mungu. Mama yake ndiye yule anayevuka barabara, na sina neno la kumwambia.

Banda nalo lilifungwa, na majirani ndio walioripoti. Bwana afya alikuja na mgambo wawili, nilikaa siku 19 bila kukaanga hata kiazi. Mama mmoja wa maandazi mtaa wa pili yeye alijipeleka mwenyewe siku mtoto wake alipoanza kuharisha. Wakampulizia, wakampa masharti, akayatimiza, akarudi kwenye karai lake mimi nikiwa bado nahesabu mabati ya dari. Mwaka huo Desemba 9 hakukuwa na gwaride la Uhuru, Rais Magufuli alisema tufagie kwa sababu ya kipindupindu. Nilifagia kwa bidii mpaka watu wakadhani nagombea udiwani.

Kwa hiyo mkuu, jambo moja: jina la mgonjwa liingie kwenye daftari la serikali saa ile ile anapoanza. Msaada wote unaoutafuta unafuata daftari hilo, si fomu ya mzee wa kofia. Timu ya kupulizia inakwenda kwenye nyumba iliyoandikwa. Vidonge vya maji vinaanzia kwa majirani wa aliyeandikwa. Ukimficha mgonjwa umejificha na wewe, halafu unalalamika serikali haikuoni.

Na daftari halipo kwa mjumbe. Hapa ndipo wengi tunaingizwa mjini. Mjumbe wa shina ni kiongozi wa chama, si mtumishi wa halmashauri. Mwenye ofisi na muhuri ni mtendaji wa mtaa, akisaidiana na mwenyekiti wa mtaa mliyemchagua, na juu yao kwenye kata kuna mtendaji wa kata na bwana afya. Kama hata hao huwaamini, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure. Malipo halali ya serikali siku hizi yanakuja na kontroo namba kwenye simu. Elfu kumi na tano inayoingia mfuko wa shati haina kontroo namba. Mwambie mjumbe aitoe hiyo namba, uone atakavyokumbuka ghafla kwamba ana msiba.

Kuna mdau juu hapo kaandika "wapeni tu ORS nyumbani inatosha". Kaka, ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti, ni nzuri, pakiti moja lita moja ya maji safi, na mpeni NJIANI mkiwa mnakwenda. Ukikosa pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, kwenye lita moja. Ila mtu anayetapika kila anachomeza tangu usiku na bado anaendelea kuhara maji, usimfanyie majaribio sebuleni. Nilishakufanyia hayo majaribio, matokeo nimekuwekea hapo juu.

Kibanda cha mkeo: ndoo yenye bomba na sabuni, chakula kifunikwe na kiliwe cha moto, wahudumu wapime afya na vyeti viwepo, halafu mwende wenyewe kumwita bwana afya aje akague, msimsubiri apite. Unga sijui kwenu, sisi hatukupewa. Kuna kitu kingine uliuliza, nadhani ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Hiyo ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, unairudisha, haihusiani na kuharisha. Tutaongea siku nyingine.

Uzi umeuweka saa mbili asubuhi, sasa hivi ni saa nne kasoro. Bebeni ndoo yenu wenyewe na turubai la kutandika kwenye bajaji. Mkifika andika hapa wamemfinya ngozi imerudi au la.