Mwanangu, Hata Sisi Tulilala Nje

Mwanangu mpendwa,

Huku Nakuru hatujambo, na baba yako amepona kikohozi.

Umeniuliza uwaambie nini vijana wa kanisa kabla hamjaanza kuwapelekea chakula wanaolala nje hapo Kisumu, kwa vile mmoja wao alishauliza, "Mbona hawarudi kwao?" Jibu unalo wewe mwenyewe, ila ulikuwa mdogo.

Mapema 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, tulilala katika uwanja wa maonyesho hapa Nakuru pamoja na maelfu ya wengine. Ulikuwa na miaka minne. Kila jioni ulinivuta leso: "Mama, tunaenda nyumbani saa ngapi?" Nami ufunguo wa nyumba nilikuwa nao, nimeufunga kwenye pindo la leso hiyohiyo. Nyumba yenyewe ilikuwa imeshateketea. Lakini hakuna aliyetuita chokoraa. Tuliitwa wakimbizi wa ndani, tukaletewa unga, kisha mjomba wako wa Nyahururu akaja kutuchukua. Tungemkosa huyo mtu mmoja, sijui leo ungekuwa unalala wapi.

Basi waeleze vijana wako hivyo. Kuna aliyefiwa na wazazi, jamaa wakachukua shamba. Kuna aliyekimbia kipigo. Kuna mama aliyeshindwa na kodi, akarudi jioni akakuta kufuli ngeni mlangoni. Na wengine wamezaliwa hukohuko barabarani. Hao watarudi kwao wapi? Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya. Mtoto wa namna hiyo akifika miaka 18, hupata shida hata ya kitambulisho, kwa kuwa ataulizwa vitambulisho vya wazazi. Bila kitambulisho, kazi ya maana ataipata wapi?

Kuhusu gundi, wasianze na mahubiri. Inapumbaza njaa na baridi, ndiyo maana wanainusa, ingawa inawamaliza. Na simu zibaki mfukoni. Sitaki kuona picha ya mtoto wa watu ameshika mkate wenu.

Zaidi ya yote, chagueni siku moja ya wiki na msiikose. Kuna kijana aliyekuwa akilala kwenye baraza la duka langu. Kila alfajiri alikunja katoni yake, akaisukuma nyuma ya pipa, akafagia baraza kabla sijafungua. Nilimpa chai miezi mitatu bila kumuuliza jina, na hilo bado linaniuma. Siku nilipomuuliza, alisimama wima akataja majina yake yote matatu, kama anaitwa darasani.

Nitakutumia mablanketi mawili kwa gari la Jumamosi, uyapokee stejini. Lile jekundu ligawe. Hili la kijivu liangalie kwanza, ndilo tulilopewa pale uwanjani. Ukiona heri, nalo litoe.

Mama yako