Madarasa ya bure maktaba: umesajiliwa, au umesaini daftari tu?

Shoga wa Fuoni, simama hapo hapo. Umeuliza uanze na Hesabu au Kiingereza kwenye hayo madarasa ya bure ya jioni maktaba, na mtoto umwache wapi, halafu katikati ukapenyeza, "mwalimu kasema ya mtihani tutayajua mbele ya safari". Nimeacha wali motoni kwa sababu ya maneno hayo.

Mie niliambiwa hayo hayo. Skuli niliachia kidato cha kwanza, nikaanza kusoma maktaba moja hapa Unguja, mwezi wa pili. Kila siku nafunga vitumbua vyangu mapema, napanda daladala ya 502 kutoka Bububu, nafika nimelowa jasho, natia saini kwenye kaunta buku lenye gamba jekundu. Tena kwa mwandiko wa kupendeza, maana nikijua ndio usajili ule! Bwana aliyekuwa akilishika hilo buku nilimuuliza mara mbili, "Tumeshasajiliwa?" Akajibu, "Nyote mumo humu." Kweli tulikuwemo. Humo bukuni.

Mwezi wa kumi nikaenda kituo cha mtihani kuulizia ratiba. Mama wa dirishani akataka namba yangu. Nikamwambia, kifua mbele, namba yangu ya bukuni: "Kumi na nne." Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, namba ya Baraza la Mitihani ni ndefu kuliko hiyo."

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, sisi tufanyao mtihani bila ya kuwa skuli, hufunguliwa Januari na kufungwa Machi, na hiyo Machi yenyewe unalipa na faini. Yaani siku naanza darasa dirisha lilikuwa wazi, mie nimekaa chini ya feni nanakili vipeo! Na kwa kuwa kidato cha pili sikuwa nacho, ilinibidi nianze na mtihani wa maarifa, ule QT, nifaulu ndipo nikae wa kidato cha nne Novemba ya mwaka mwengine. Piga hesabu wewe. Mwaka mmoja umeungua, wa pili QT, wa tatu ndio kidato cha nne.

Nilipomfuata yule bwana akanambia kazi yake kufundisha, si kusajili. Sasa mbona hukusema mwezi wa pili, bwana wee? Ulikuwa ukingoja posa? Walimu wengine sina ugomvi nao, wa Hesabu hasa alikuwa hodari, lakini huyu wa buku nikimuona Darajani navuka barabara. Nyumbani mawifi mpaka leo wananiita Kumi na Nne. Naitika. Nalo la bure.

Kwa hiyo anza na kituo, darasa baadaye. Kituo ndicho kitakachokupa namba ya kumbukumbu, ujaze fomu mtandaoni, ulipe ada. Risiti huna mkononi, hujasajiliwa, hata mwalimu akuapie kwa msahafu. Kama kidato cha pili ulifaulu, chukua na namba yako ya mtihani ule, QT haitokuhusu.

Uliuliza nini tena? Ah, mtoto. Wangu nilimwacha kwa bibi yake. Kesho asubuhi nenda kituoni, halafu urudi hapa utwambie wamekupa namba ya tarakimu ngapi.